Ukaazi wa kudumu kwa njia ya pointi: tupeane uzoefu tulioomba wenyewe

Wakuu, kila mada ya Kanada na Australia inaishia vilevile: mtu anauliza njia ni ipi, wakala anamwita pembeni, basi. Naomba hapa waandike waliopitia wenyewe, waliopata na waliokataliwa. Taja pointi zako tujue tunaongelea nini. Naanza mimi.

Ni mhasibu, shahada moja, uzoefu wa miaka sita, sina mke. Nilifungua profaili ya Express Entry, mfumo wa Kanada unaopanga waombaji kwa pointi na kuwaita wa juu kwa raundi, nikiwa na miaka 32, nikapata 368. Mwenye miaka 20 hadi 29 asiye na mwenza anapewa 110 za umri; mimi nilishabaki na 94. Kila siku ya kuzaliwa wanakunyofoa tano au sita, na kuanzia 41 ni 11 kwa mwaka.

Kilichonikera ni IELTS, mtihani wa Kiingereza: kusikiliza 8, kusoma 7.5, kuongea 7, kuandika 6.5. Nikajiambia nusu alama si kitu. Jioni moja nikakaa na jedwali lao na kalamu. Ile 6.5 ikiwa 7, kuandika peke yake kunaleta pointi 8. Lakini wanachanganya pia lugha na shahada, na lugha na uzoefu wa nje ya Kanada. Stadi zote nne zikifika ngazi ya 9 ya kipimo chao cha lugha, shahada yangu inatoka 13 inakuwa 25, uzoefu unatoka 25 unakuwa 50. Jumla 45! Nilirudia kuhesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Nikarudia mtihani mzima (ule wa General, siyo Academic, wengi wanateleza hapo). Kumbe ugonjwa wangu ulikuwa barua: namwandikia rafiki kama naiandikia bodi ya wakurugenzi. Nikapata 7, nikafika 413. Bado pointi za raundi za kawaida za mialiko ya kuomba ukaazi zilikuwa mbali juu yangu, nikaingia Kifaransa. Kufikia ngazi ya 7 kulinipa 62: ziada ya 50 na 12 za lugha ya pili. Wakati huo umri ulishanila 11, kwa hiyo 464, na IELTS ilibakiza wiki chache ifikishe miaka miwili ife. Mwaliko ulikuja kwenye raundi ya wanaojua Kifaransa. Kama kuna kitu ningefanya mapema, ni hicho Kifaransa.

Mhandisi ujenzi, Australia:
Mkuu umenikumbusha mbali. Huku hesabu ni fupi zaidi. Pointi zangu: umri 25 (nilikuwa na miaka 36), shahada 15, kazi ya miaka sita nje 10, Kiingereza 10, mke wangu kufaulu Kiingereza 5. Jumla 65, na 65 ndiyo ya chini kabisa. Kwa fani yangu ilikuwa kama kuruhusiwa kukaa kwenye benchi. Nilichokaa nalo muda mrefu ni tathmini ya taaluma: Engineers Australia, chama cha wahandisi wa huku, walitaka masimulizi matatu ya kazi nilizofanya, kwa nafsi ya kwanza. Siyo "tulijenga daraja". Wewe ulikokotoa nini? Ukinakili ya mwenzio unafungiwa. Nilifukua madaftari ya miaka minane nyuma nikitafuta vipimo vya nguzo moja.

Jimbo likaniteua kwa viza 491, pointi 15 juu, nikafika 80. Hiyo siyo ukaazi wa kudumu, wadau, msidanganyane. Ni ya miaka mitano, unaishi nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane, na baada ya miaka mitatu ndiyo unaomba 191, ambayo ni ya kudumu. Mimi nina mwaka wa pili.

Muuguzi, alikataliwa Kanada:
Pointi nilikuwa nazo, mwaliko nikapata. Nikaangushwa na karatasi moja. Wanakupa siku 60 kukusanya kila kitu, mimi wiki tano zote nikahangaika na cheti cha polisi. Barua ya mwajiri nikaiona ndogo. Ofisi ya utumishi ikaniandikia mistari minne: ni mwajiriwa wetu tangu mwaka fulani, ana nidhamu, tunamtakia heri. Hakuna majukumu, hakuna saa za kazi kwa wiki, hakuna mshahara. Afisa akasema hawezi kuthibitisha uzoefu wangu, pointi zake zikafutika, nikawa nje. Nilimlaumu sana yule wa utumishi, lakini orodha ya mahitaji nilikuwa nayo mimi. Sasa hivi nimeandika rasimu ya barua mwenyewe, majukumu ninayoyafanya kweli, yeye kazi yake kuhakiki, kuiweka kwenye karatasi ya taasisi na kusaini.

Mwanzisha mada:
Pole sana dada. Tathmini ya shahada iangalie pia tarehe, inadumu miaka mitano.

Mtaalamu wa programu, bado anasubiri:
Mimi wakala aliniuzia ndoto ya ofa ya kazi, eti inaleta pointi 50. Kulipa nililipa nusu, risiti hakuna. Machi 25, 2025 Kanada ikafuta pointi za ofa kwa kila mtu, simu yake haikupokelewa tena. Na hata zisingefutwa, ofa ya kununua ni udanganyifu, unazuiwa miaka mitano. Nilijua, nikajifanya sijui.

Mwalimu:
Nina 43, shahada ya uzamili, Kiingereza kizuri. Nijitoe?

Mwanzisha mada:
Kaka, kwa Kanada umri umebaki na 17 kama huna mwenza, mwakani 6. Lakini jimbo likikuteua unaongezewa 600, hapo umri hausemi kitu. Angalia majimbo yanayochukua walimu. Australia una dirisha dogo, mwaliko lazima ukukute hujafika 45. Una matokeo ya mtihani wa lugha tayari, au "Kiingereza kizuri" ni cha kujipima mwenyewe?