Bakapu za ofisi kwenye hifadhi ya wingu: nimekwama kwenye kuunganisha, naomba mwongozo

Mtunza Seva, Kirumba

Ndugu wanajukwaa, natunza seva mbili za kampuni inayonunua na kusindika sangara hapa Mwanza. Ndani yake mna hesabu za mizani ya mapokezi, malipo ya mawakala wa visiwani, na kumbukumbu za joto la vyumba vya baridi, ambazo wanunuzi wa nje huzidai kila wakati. Jumla ni terabaiti 1.6. Hadi leo bakapu (nakala za akiba) huandikwa kwenye diski ya nje iliyokaa juu ya seva yenyewe. Mvua zilizopita dari lilivuja, maji yakachuruzika ukutani kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye diski hiyo, na tangu hapo sijapata usingizi mzuri.

Mkurugenzi ameniruhusu kutumia hifadhi ya wingu, yaani kuweka nakala kwenye kompyuta za kampuni nyingine kupitia intaneti. Nimechagua Amazon S3, kituo cha Cape Town, kwa sababu ndicho kilicho karibu nasi kuliko vyao vya Ulaya, na programu yangu ya bakapu ni Veeam toleo la 12, ambalo linaweza kuandika huko moja kwa moja. Baketi, yaani chombo cha kuwekea mafaili huko S3, nimeifungua, na funguo mbili (misimbo ya siri ya kuingilia) ninazo, lakini kila nikijaribu kuunganisha ninajibiwa kwamba muda wa ombi langu unatofautiana mno na muda wa seva yao. Je, ni tatizo la mtandao? Pia ningependa kuweka kila kitu kwenye daraja la kumbukumbu la bei ya chini kabisa, na nimesikia habari za kufuli la kuzuia kufuta, ila sijui kama linatuhusu sisi wadogo. Kasi yetu ya kupakia ni megabiti 20 kwa sekunde.

Fundi wa Igoma

Mkuu, hilo si la mtandao. Kila ombi linalokwenda S3 hutiwa sahihi yenye saa ndani yake, na saa ya mashine yako ikipishana na ya kwao kwa zaidi ya dakika 15, ombi linakataliwa hata kama funguo ni sahihi. Kwa seva zetu za huku, ambazo umeme hukatika na kurudi, mara nyingi chanzo ni betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi kuu: ikiisha, saa hurudi nyuma kila mashine inapozimika. Badilisha betri, kisha iagize seva ichukue saa kutoka mtandaoni.

Tukiwa hapo hapo, usitumie funguo za akaunti kuu. Tengeneza mtumiaji mwenye ruhusa ya baketi hiyo moja tu, ili funguo zikiibwa, mwizi asipewe nyumba nzima.

Mama Bakapu, Nyegezi

Nashukuru kwa swali la kufuli, kwa sababu ndilo linalonigusa. Linawahusu wadogo kuliko wakubwa. Mwaka juzi ofisi moja niliyokuwa nikiihudumia ilivamiwa na programu ya kudai fidia, ile inayofunga mafaili hadi ulipe. Kabla ya kufunga mafaili, wavamizi waliingia kwenye bakapu na kuzifuta, kwani nenosiri la bakapu lilikuwa lile lile la seva. Kufuli linapowashwa pamoja na utunzaji wa matoleo (faili likibadilishwa, la awali hubaki), hakuna anayeweza kufuta nakala kabla ya siku ulizopanga kwisha, na katika hali kali zaidi ya kufuli hilo, ambayo ndiyo Veeam huitumia, hata mwenye akaunti kuu hawezi. Kwa hiyo usianze kwa shangwe ukaandika siku 365: ukikosea, utalipia kosa lako mwaka mzima. Anza na siku 14. Muda huo uuweke ndani ya Veeam. Kwenye baketi yenyewe usiweke muda wa kudumu, wala kanuni za kuhamisha au kufuta mafaili zenyewe, maana Veeam hazitambui na mnyororo wa nakala, ambamo kila moja hutegemea iliyotangulia, unaweza kukatika.

Daraja la bei ya chini kabisa usiliguse kwa nakala za kila siku. Kuyatoa mafaili huko huchukua takriban saa 12 kwa njia ya kawaida, na unalipia angalau siku 180 hata ukifuta kesho yake. Isitoshe, data inayotoka kwao kuja kwako hutozwa kwa gigabaiti. Muombe mhasibu aijue gharama hiyo leo, asije akaisikia siku ya msiba.

Fundi wa Igoma

Nyongeza ya hesabu. Terabaiti 1.6 kwa megabiti 20 ni zaidi ya siku saba za kupakia bila kupumzika. Ukipakia usiku tu, hesabu wiki mbili. Kurudisha kunategemea kasi ya kupakua, nayo ikifanana na hiyo, kiwanda kitasubiri wiki nzima. Mwezi Mei 2024, kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, hata wiki isingetosha. Kwa hiyo diski ya ndani ibaki, ila iondoke juu ya seva, ikae jengo jingine.

Na kwa kuwa mna majina na malipo ya mawakala, someni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ina masharti kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi, na Cape Town ni nje.

Mtunza Seva, Kirumba

Wakuu, asanteni sana. Saa ya seva ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Betri mpya imewekwa na baketi imekubali. Kufuli ni siku 14, nakala ya kwanza imemaliza kupanda, na jana nilirudisha faili moja la mizani kwa majaribio, nikalilinganisha na karatasi za mapokezi: kilo zote zimelingana. Diski imehamia kwenye ofisi ya mhasibu ng'ambo ya uwanja. Nenosiri la kusimba nakala (kuzifanya zisisomeke bila nenosiri hilo) nimelichapisha, likatiwa kwenye bahasha na kufungiwa kwenye kasiki ya mkurugenzi, maana likipotea hata Amazon hawatatusaidia.

Swali lililobaki: mtihani wa kurudisha seva nzima mnaufanya kila baada ya muda gani?

Mama Bakapu, Nyegezi

Mimi kila baada ya miezi mitatu, siku ya Jumapili, kwenye mashine ya pembeni isiyounganishwa na mtandao wa ofisi. Na idadi ya saa unazochukua mtihani huo naiandika ukutani, karibu na seva, ili bosi aione.