Baptizo na bapto: ni kuchovya, kuzamisha au kunawa?

Mdadisi wa Likoni
Wenzangu, salamu. Neno letu "batiza" asili yake ni baptizo la Kigiriki, nalo baptizo limetoka kwa bapto. Je, vitenzi hivi viwili vina maana moja? Na mbona Luka 11:38, ambapo Kigiriki chatumia baptizo, Biblia yetu yasema "kunawa"?

Mwanasarufi
Havina maana moja, ndugu. Mzizi wa bapto ni baph-, ndiyo maana nomino yake ni baphe: kuchovya, au rangi ya kutilia nguo. Bapto ni kutia na kutoa, kama mahamri kwenye chai. Katika Odisei, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homeri, kitabu cha 9, mhunzi anachovya shoka la moto kwenye maji baridi, linachachatika, chuma kinakaza.

Ongeza -izo, upate baptizo. Hapa kitu huzama au hulowa chepechepe. Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, alilitumia kwa meli zinazozamishwa vitani. Plato, katika Symposium, kwa mtu aliyelowa mvinyo jana yake.

Tahadhari moja: -iz- ya "batiza" yafanana na ile ya "lipiza", lakini si kiambishi chetu. Imekuja na neno lenyewe.

Bin Kisauni
Hapo kwa Luka: katika Septuaginta, yaani tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, 2 Wafalme 5:14, Naamani anajichovya Yordani mara 7, na kitenzi ni baptizo. Kwa Wayahudi waliosema Kigiriki neno likaingia kwenye mambo ya twahara. Marko 7:4 yazungumzia hata kuosha vikombe. Kwa hiyo mfasiri aliyeweka "kunawa" kabla ya chakula alifuata muktadha, na kwa maoni yangu alifanya sawa. Kosa linalorudiwa sana ni kuchukua meli ya Polybius na kuipachika kwenye kila aya. Hata bapto haimaanishi kuzama kila mara: katika Danieli 4:33 ya Kigiriki, Nebukadreza analowa kwa umande tu.

Mdadisi wa Likoni
Ahsanteni. Ila hapo Luka 11:38 naona ebaptisthe, na kamusini halipo.

Mwanasarufi
Kamusi huorodhesha nafsi ya kwanza umoja, wakati uliopo. Ondoa e- ya mbele, ni alama ya wakati uliopita. Ondoa -the, ni ya kauli ya kutendwa. Inabaki baptis-. Ile s ilikuwa z kabla ya kukutana na th, basi tafuta baptizo. Ukikuta bebaptismenos, be- ni silabi ya kwanza iliyorudiwa kuonyesha tendo lililokwisha timia, iondoe pia.