Mjadala: Pesa za chama cha mazishi zimfikie mgonjwa akiwa hai?

Katibu wa chama, Mbarara: Ndugu zangu, jambo hili limeshatugawa. Huku Ankole, Uganda, vyama vyetu vya mazishi tunaviita bataka, Buganda wana munno mukabi, Kigezi wana engozi wanaobeba wagonjwa kwa machela. Mtu akifa, turubai, sufuria, jeneza na chakula cha waombolezaji hupatikana siku hiyo hiyo. Lakini miezi yote anayolala nyumbani na saratani, vyama vingi havina fungu lake. Napendekeza sehemu ya mchango wa kila mwezi iwaendee wagonjwa wa tiba shufaa, yaani wanaotunzwa ili wasiumie ingawa ugonjwa wao hauponi. Wanaopinga wanasema chama kitafilisika. Leteni hoja zenye hesabu.

Muuguzi wa tiba shufaa, Kampala: Naunga mkono, ila kwanza tujue nini tayari kimelipiwa. Mofini ya maji hapa Uganda ni bure. Hospice Africa Uganda, hospisi yaani shirika la tiba shufaa, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, huichanganya kutokana na unga, na serikali huigharamia na kuisambaza. Tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika, si madaktari peke yao. Kwa hiyo msichange pesa ya kununua dawa ya maumivu. Changeni nauli ya kuifuata. Dozi moja hudumu kama saa 4. Chupa ikiisha Ijumaa jioni na hakuna wa kwenda kituoni, usiku huo huo mgonjwa analia.

Halafu kuna vitu vidogo vinavyosahauliwa. Mofini hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia, ndiyo maana bisakodili, dawa ya kulainisha choo, huanza nayo siku moja. Isipokuwepo, baada ya siku nne au tano mgonjwa anakataa mofini yenyewe, na familia inasema dawa imemshinda. Kidonda cha saratani kinachonuka huoshwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, kisha hunyunyiziwa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa laini. Hapo panahitajika glavu, shashi, sabuni, na mpira wa kutandika kitandani. Harufu ikiisha, majirani hurudi kumtembelea, na hilo nalo ni tiba.

Jambo moja nawasihi: msikimbilie kulipia dripu. Watu wema huiona kama chakula. Mwili wa mtu aliye katika siku zake za mwisho hauyahitaji maji mengi, na yakizidi huweza kujaa mapafuni akashindwa kupumua vizuri. Pesa hiyo inunue uji, au imlipe mtu wa kumgeuza kitandani kila saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia.

Mofini inayobaki baada ya kifo irudishwe kituoni, kamwe asipewe jirani. Chupa ya kijani ina mg 5 katika ml 5. Nyekundu ina mg 50. Kijiko ni kile kile, nguvu ni mara kumi.

Mweka hazina, Masaka: Sista, hayo yote nayakubali. Ninachopinga ni kuweka pesa hizi kwenye sanduku moja. Mazishi ni gharama ya mara moja na kiwango chake tunakijua. Ugonjwa unaweza kuchukua wiki tatu au miaka miwili. Chukueni chama cha watu 60, kila mmoja akitoa shilingi 5,000 kwa mwezi: ni 300,000. Wagonjwa watatu wakipewa 80,000 kila mmoja, zimebaki 60,000. Mtu akifa mwezi huo tutamzika kwa nini? Zaidi ya hapo, wenye wagonjwa nyumbani ndio watakaoharakisha kujiunga. Chama kikishindwa kuzika mara moja tu, watu huacha kuchangia.

Mhudumu wa kujitolea, Hoima: Mmesahau siri ya mgonjwa. Kwenye kikao jina lake husomwa, na ugonjwa wake. Mwenye UKIMWI au saratani ya shingo ya kizazi hakuwaruhusu. Zipo familia zinazokataa msaada kwa sababu hiyo tu. Muuguzi aandike namba badala ya jina, na chama kione nauli, glavu na sabuni, basi.

Mweka hazina, Masaka: Na nikiulizwa namba 7 ni nani, nijibu nini? Pesa za watu haziendi kwa namba.

Mhudumu wa kujitolea, Hoima: Utaonyesha risiti, mzee wangu. Watu wawili walijue jina, muuguzi na mwenyekiti, nao watie saini.

Mhasibu, Kampala: Mnazungumzia mgonjwa, na hospisi yenyewe je? Kila mtu hupenda kutoa sabuni na sukari. Mafuta ya gari na mshahara wa muuguzi havina mchangiaji, ingawa bila hivyo hakuna anayefika nyumbani kwa mgonjwa. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, tuliona sote hatari ya kutegemea mfadhili mmoja. Ningeomba angalau theluthi moja iende hospisini bila masharti. Pia, tumeni kwa mkupuo mmoja. Kila pesa inayotolewa kwenye simu hukatwa kodi ya asilimia 0.5 pamoja na ada ya mtandao, na ada hiyo huumiza zaidi viwango vidogo.

Katibu wa chama, Mbarara: Basi narekebisha. Kila mwanachama aongeze 1,000 juu ya ile 5,000, sanduku mbali. Kwa watu 60 ni 60,000: hospisi 20,000, wagonjwa 40,000. Ikiisha, imeisha, sanduku la mazishi haliguswi. Mgonjwa asaidiwe miezi mitatu.

Muuguzi wa tiba shufaa, Kampala: Ukomo wa miezi uondoe. Anayevuka miezi mitatu ndiye ambaye familia yake imeshauza mbuzi na kuku. Pitieni upya hali yake kila baada ya miezi mitatu, mwendelee.

Mweka hazina, Masaka: Sanduku likiwa mbali, nitalipigia kura. Lakini semeni kabisa: muuguzi akiwa likizo, nani anatia saini?