Kubadili sura ya tamasha la muziki wa klasiki: nini kiguswe kwanza, na nini kiachwe?

MchoraNembo aliuliza:

Salaam, wanajukwaa.

Nimekabidhiwa kazi ya kubuni upya utambulisho wa tamasha la muziki wa klasiki ambalo limekuwa likifanyika kila mwaka kwa zaidi ya miaka 30, na naomba ushauri wenu kabla sijafika mahali ambapo kurudi nyuma kutakuwa na gharama. Nembo ya sasa ni ufunguo wa sol, ile alama iliyojiviringa inayowekwa mwanzoni mwa mistari ya noti, ambao mkia wake umenyooshwa ukawa shingo ya fidla, na chini yake jina la tamasha limeandikwa kwa herufi za mlazo zinazoiga mwandiko wa kalamu ya unyoya. Rangi ni damu ya mzee na dhahabu.

Kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka vyote vifutwe kwa kuwa, wanasema, kijana akiliona bango letu anajua papo hapo kwamba hakualikwa. Na wapo wanaoshikilia kwamba wasikilizaji wetu wa miaka nenda miaka rudi, wale wanaokata tiketi za maonyesho yote siku ya kwanza ya mauzo, wanatutambua kwa mbali kwa rangi ile na ufunguo ule. Kila upande una hoja, ndiyo maana nimekwama.

Nimechora rasimu tatu: ya kwanza ina mawimbi ya sauti, ya pili ni ufunguo uleule uliopunguziwa mistari, na ya tatu ni herufi tupu. Zote zinapendeza kwenye skrini kubwa. Juzi niliichapa ile ya pili kwa ukubwa wa tiketi, nembo ikiwa na upana wa milimita 9, na mizunguko ya katikati ya ufunguo ikazibwa na wino hadi likabaki doa lenye mkia. Je, niendelee kuutafutia ufunguo huu umbo litakalosomeka, au niachane nao? Na kati ya nembo, bango na kijitabu cha programu, ninyi huanza na kipi?

MpangaHerufi alijibu:

Ndugu MchoraNembo, hongera kwa kazi, na hongera zaidi kwa kuchapa kabla ya kuwasilisha, maana wengi wetu huliona doa la namna hiyo wakati tiketi zote zimeshatoka mtamboni.

Ushauri wangu ni kwamba uiweke nembo kando kwa sasa. Tamasha la muziki wa klasiki ni mteja wa aina yake: kinachobadilika kila jioni ni maneno, nayo ni mengi na hayana simile. Kuna mtunzi, kazi, namba ya opus (namba ya kazi katika orodha ya mtunzi), wapigaji na ala zao, kiongozi wa okestra, ukumbi na saa, na hakuna hata kimoja unachoweza kukikata ili bango lipumue. Chukua ile jioni yenye maneno mengi kuliko zote katika ratiba yao, uipange ukurasani mpaka mtu aisome kwa raha akiwa amesimama. Aina ya herufi, ukubwa wake na gridi (mistari ya kupangia safu) utakayolazimika kuibuni ili ukurasa huo usimame ndivyo vitakavyokuwa sura ya tamasha. Nembo itakuja baadaye, na itapata pa kukaa.

Mfano ninaourudia kila mara ni mabango ambayo mbunifu wa Uswisi Josef Müller-Brockmann aliyabuni kwa ajili ya Tonhalle, ukumbi wa muziki wa Zürich, katika miaka ya 1950. Lile la Beethoven la mwaka 1955 halina fidla, halina ufunguo, wala halina uso wa mtunzi. Lina matao meusi yanayozunguka kitovu kimoja, unene wake ukiongezeka maradufu, na maneno yote ya onyesho yamepangwa kwa herufi ndogo zisizo na vikia (vijimistari vya kwenye ncha za herufi) ndani ya uwazi ulioachwa. Ukilitazama kwa muda unahisi sauti inayoanzia mbali na kujaa ukumbini, na sababu yake si ya kimazingaombwe: maradufu ni uwiano ambao muziki wenyewe umejengwa juu yake. Noti nzima ina nusu mbili, nusu ina robo mbili, na oktava ni mtetemo uliozidishwa mara mbili. Mbunifu hakuuchora muziki. Alitumia kipimo chake.

Kuhusu ufunguo wa sol, mimi ningeuacha. Unatumiwa na shule za muziki, kwaya, maduka ya ala na programu za simu, na alama iliyo ya kila mtu haimtambulishi yeyote. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba nembo ya zamani lazima ife kwa sababu ni ya zamani. Tamasha la Salzburg, huko Austria, lilianza mwaka 1920, nembo yake ilichorwa na Poldi Wojtek mwaka 1928, na ingali inatumika, ingawa tamasha lilipotimiza miaka 100 waandaaji walitaka historia ya mbunifu huyo na uhusiano wake na Wanazi ichunguzwe waziwazi. Ndani yake mna ngome ya mji ule na barakoa ya tamthilia, na naamini imedumu kwa sababu haiwezi kuhamishiwa kwa mwingine. Waulize wateja wako: ni kitu gani chenu ambacho tamasha jingine likikichukua kitaonekana cha kuazima?

Damu ya mzee ibakize. Dhahabu ndiyo ya kuangalia, kwa sababu rangi nne za kawaida za mtambo wa uchapaji haziwezi kutoa mng'ao. Hutoa hudhurungi iliyochoka. Ama tamasha likubali kulipia wino maalumu wa metali kila mwaka, ama dhahabu iondoke. Ningeiondoa.

FidlaYaPili alijibu:

Mimi si mbunifu. Napiga fidla katika okestra, na jioni nisizopiga hukaa ukumbini kama msikilizaji, nikiwa na kijitabu cha programu mapajani. Naomba niseme ya huko, kwa sababu mara nyingi wabunifu huliona bango ukutani lakini hawamwoni mtu aliyekaa katika mwanga hafifu akijaribu kujua tumefika wapi.

La kwanza ni majina ya watunzi. Kabla hujaipenda aina yoyote ya herufi, andika kwa herufi hizo Dvořák, Janáček, Lutosławski, Pärt na Ernő Dohnányi. Niliwahi kupewa kijitabu ambamo herufi ř ya Dvořák haikuwamo katika fonti iliyochaguliwa, hivyo kompyuta ikaiazima kutoka fonti nyingine; jina lote lilikuwa jembamba, na herufi hiyo moja ilikuwa nene na imeshuka kidogo chini ya mstari. Ukurasa ulikuwa mzuri, ila jicho langu halikwenda popote pengine jioni nzima. Fanya vivyo hivyo kwa alama za shapu na flati, ♯ na ♭, zinazopandisha na kushusha noti kwa nusu toni. Fonti nyingi hazina alama hizi, na mpangaji mwenye haraka huweka ile alama ya namba iliyo kwenye kibodi mahali pa shapu na herufi b mahali pa flati. Kwa mpiga ala hilo ni sawa na kulikosea jina la mwenye nyumba mlangoni pake.

La pili ni nafasi kati ya mistari, ambayo kwa msikilizaji ina maana ya muziki. Chukua kwarteti (kazi ya ala nne za nyuzi) ya Beethoven katika C♯ mina, Opus 131. Ina sehemu saba zinazopigwa bila kusimama. Mbunifu akizitenganisha kwa mistari mitupu, msikilizaji mgeni atangoja ukimya ambao hautakuja, na kufikia sehemu ya nne atakuwa amepotea na kuacha kusoma. Sehemu zinazoshikana ziwekwe karibu, na mahali pa kupumzika paonekane. Huyo kijana ambaye kamati inasema hajioni amealikwa, hofu yake kubwa ni kupiga makofi wakati usiofaa, na ukurasa uliopangwa vizuri unaweza kumwondolea hofu hiyo bila kumwaibisha.

La tatu ni kelele. Onyesho likiwa la nyimbo, na maneno yake yakawa yamechapwa kijitabuni, ukurasa uishie pale wimbo unapoishia. Usipofanya hivyo, watu wote ukumbini watageuza karatasi kwa pamoja katikati ya ubeti, na mwimbaji atausikia mchakacho huo kama mvua. Karatasi isiyopakwa ng'aro, laini kidogo, hugeuka kimya, tena haimulikii taa usoni mwa msomaji.

BangoNaSkrini alijibu:

Nimewasoma wenzangu kwa heshima, lakini siwezi kukubali kwamba kijitabu ndicho cha kuanza nacho. Anayekishika kijitabu ameshanunua tiketi. Tatizo la kamati ni yule ambaye bado hajainunua, na huyo hukutana na tamasha kwenye simu, katika kipande cha mraba anachokipita kwa dole gumba. Kwa hiyo mimi ningeanza na mambo mawili kwa pamoja, ule ukurasa mgumu wa MpangaHerufi na huo mraba mdogo, na kila uamuzi unaofaulu kwenye kimoja na kushindwa kwenye kingine ningeutupa.

Ndugu MchoraNembo, skrini pia imekupa kitu ambacho karatasi haina, yaani mwendo. Mwaka 2021 San Francisco Symphony walizindua utambulisho uliobuniwa na kampuni ya usanifu ya Collins, ambamo herufi zenyewe hurefuka na kufinyana kufuatana na sauti. London Symphony Orchestra walinasa mikono ya Simon Rattle akiongoza okestra kwa kamera za kufuatilia mwendo, na mistari iliyotokana nayo ikawa picha za msimu wa 2017/18. Casa da Música, jumba la muziki la Porto nchini Ureno, walitengenezewa na mbunifu Stefan Sagmeister, mwaka 2007, nembo yenye umbo la jengo lao, pamoja na programu inayochota rangi kutoka picha yoyote na kuzipaka kwenye nyuso za nembo hiyo. Katika mifano yote mitatu, muziki au jumba lake ndilo linaloiumba alama, na ndiyo maana mawimbi ya rasimu yako ya kwanza yananitia shaka. Mawimbi hayo yanatoka kwenye sauti ipi? Kama hayatoki popote, ni pambo tu, na yatachosha kabla ya msimu wa pili.

Nina tahadhari moja inayotokana na kazi niliyoifanya mwenyewe. Nilimbunia mteja utambulisho wa mwendo uliosifiwa sana, kisha nikaondoka, na ofisi ile ilikuwa na mtu mmoja tu wa kutengeneza matangazo, asiye na programu wala muda. Baada ya miezi kadhaa walikuwa wamerudia kubandika picha za fidla. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliwaachia kitu ambacho mimi tu niliweza kukiendesha. Kabla hujachagua, mtafute atakayetengeneza tangazo la mwaka wa tatu wewe ukiwa haupo, ukae naye asubuhi moja.

Na upime utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na usuli wake. Viwango vya upatikanaji wa tovuti hutaka angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida na 3:1 kwa makubwa. Nyeupe juu ya damu ya mzee itapita bila taabu. Dhahabu juu ya nyeupe mara nyingi haipiti, nayo ni sababu nyingine ya kumsikiliza MpangaHerufi.

MchoraNembo aliandika tena:

Nawashukuru sana. Nimetumia siku nne kufanya mlichosema, na naona niwape mrejesho.

Nilichukua jioni ndefu kuliko zote katika ratiba ya mwaka jana, yenye kazi sita, nikaipanga kwa fonti tatu nilizokuwa nazipenda. Mbili zilianguka kwenye ř. Ya tatu ilikuwa na herufi zote lakini haikuwa na ♯, nami nimemwandikia aliyeichora kuuliza kama anaweza kuiongeza, amekubali. Katika kuupanga ukurasa nililazimika kuweka majina ya watunzi kwenye safu nyembamba kushoto na kazi zao kulia, na pale safu hizo zinapokutana pakabaki mstari wa wima mtupu, kama upenyo, unaoshuka ukurasa mzima. Mstari huohuo nimeuhamishia kwenye bango na kwenye ule mraba wa simu, na unajulikana ni uleule. Bado sijachora nembo yoyote.

Swali la MpangaHerufi nililifikisha kwa kamati. Palikuwa kimya kwa muda, kisha mjumbe mzee kuliko wote akasema kwamba tamasha lao huanza kila mwaka kwa mpigaji mmoja peke yake jukwaani, bila hotuba, na limefanya hivyo tangu mwaka wa kwanza. Hakuna aliyewahi kuniambia habari hiyo, wala haimo katika maelezo ya kazi niliyopewa. Wiki ijayo nitawapelekea kurasa tatu zenye damu ya mzee na nyeupe tu, na ukurasa wa kwanza utakuwa na jina moja katika nafasi kubwa iliyo wazi.

FidlaYaPili alijibu:

Huo ukurasa wa kwanza ningependa kuuona. Mwambie mchora fonti aiweke ♯ katika herufi nzito pia, si katika zile nyembamba peke yake, kwa sababu vichwa vya kazi ndivyo hukolezwa, na huko ndiko itakakohitajika.