Msaada: kipimo cha damu cha Alzheimer kwa hapa Mwanza kinapatikana wapi?

Mwana wa Kisesa: Wakuu, heshima kwenu. Mama ana miaka 68. Siku hizi anauliza jambo lile lile kila mara, juzi kabandika sufuria tupu mpaka ikaungua. Nimesoma kuna kipimo cha damu kinachoonyesha Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo wa kusahau. Wapi, na bei gani?

Mama Nyegezi: Pole mwanangu. Bibi yetu alianza hivyo hivyo, majirani wakaona macho mekundu, wakaanza maneno ya uchawi. Macho yenyewe ni moshi wa kuni! Tulimhamisha usiku. Mlinde mama kwanza.

Ngosha: Kwetu Ukerewe wazee wanakula sato na dona, kichwa safi mpaka kaburini. Vijana mnawalisha wazazi chipsi.

Mtu wa Maabara: Mkuu, Mei 2025 Marekani iliruhusu kipimo cha damu kinacholinganisha protini mbili, p-tau217 na amiloidi. Ni kwa mwenye dalili tayari, na hakitoshi peke yake. Figo zikiwa mbovu p-tau217 huweza kupanda hata bila Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12 nao husahaulisha. Mama alianza taratibu au ghafla? Aliwahi kuanguka?

Mwana wa Kisesa: Mbona maswali mengi? Nilishamlipa wakala nusu, sampuli inaenda India.

Mtu wa Maabara: Hujajibu.

Mwana wa Kisesa: Mwezi uliopita alidondoka kwenye bodaboda pale Igoma. Hakutoka damu, akanyanyuka mwenyewe. Halihusiani.

Mtu wa Maabara: Linahusiana sana! Kwa mzee, damu huweza kuvuja kidogo kidogo ndani ya fuvu, ikakandamiza ubongo wiki kadhaa baadaye. Hiyo inatibika. India hawataiona kwenye kichupa.

Sangara Mkavu: Chai hii. Wakala ni huyu mleta uzi mwenyewe, anatafuta wateja. Kesho ataweka namba.

Ngosha: Hata mimi nimeshtuka. Mods fungeni uzi.

Mama Nyegezi: Mtu analia na mama yake nyie mnamzomea?

Mwana wa Kisesa: Sitangazi chochote. Hela ya watu nimeshatoa, nitairudishaje? Kichwa kinamuuma asubuhi na mguu wa kushoto anauburuta, lakini si ni uzee?

Mtu wa Maabara: Si uzee. Mpeleke Hospitali ya Bugando leo hii, waambie alianguka, apigwe CT scan, picha ya ndani ya kichwa. Ya wakala yaache.

Ngosha: Mkuu, niko Igoma na gari. Mko Kisesa upande gani?