Tupeane uzoefu: maeneo ya kupiga kambi bila malipo Lindi na Mtwara, kwa wenye mahema na wenye magari ya kulala

Mleta mada, Lindi mjini

Ndugu wanajamvi, salaam. Kwa miaka mitano sasa nimekuwa nikizunguka mikoa yetu hii miwili ya kusini nikiwa na Toyota Noah ambayo viti vyake vya nyuma niling'oa, na mahali pake fundi seremala akanitengenezea kitanda cha mbao chenye nafasi ya vyombo chini yake. Kila nikikutana na mtu anayependa safari za namna hii, swali huwa ni lile lile: mtu atalala wapi pasipo kulipa, pasipo kufukuzwa na pasipo kuhatarisha maisha yake? Naomba kila mwenye uzoefu aueleze hapa, akitaja mahali, mwezi aliokwenda, maji aliyapata wapi na ni nani aliyempa ruhusa.

Nianze na hilo la ruhusa, kwa kuwa ndipo nilipokosea. Katika safari yangu ya kwanza nilifika kwenye kijiji kimoja cha pwani, kaskazini ya mji wa Lindi, jua likiwa limekwisha kuzama. Niliona uwazi mzuri kando ya mikoko, hapana nyumba wala shamba karibu, nikaegesha gari, nikapika, nikalala. Saa tano usiku niliamshwa na mwanga wa tochi kwenye kioo cha mbele. Walikuwa vijana wa ulinzi wa kijiji wakiongozana na mwenyekiti wa kitongoji, na mzee huyo hakunifokea hata kidogo. Aliniuliza tu kwa nini nimeingia kwao usiku bila kupiga hodi, wakati mwezi uliotangulia watu wasiojulikana walikuwa wameiba mashine ya boti mahali hapo hapo. Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, akaandika jina langu na namba ya gari kwenye daftari lake, akanihamishia kwenye uwanja wa shule ya msingi, na asubuhi mkewe akaniletea uji wa moto.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba pori linaloonekana tupu huku kwetu lina mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeigawa ardhi ya Tanzania katika makundi matatu, yaani ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi, na ile ya vijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Ardhi ya hifadhi huwa na taratibu na malipo yake, kwa hiyo anayetafuta pa kulala bure, mara nyingi kimbilio lake ni ardhi ya kijiji, na mlango wake ni mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Mimi hufika kabla ya saa kumi alasiri, huonyesha kitambulisho, husema nitalala siku ngapi, kisha huuliza mambo matatu: maji yako wapi, choo kiko wapi, na ni mahali gani wenyeji wasingependa mgeni akae. Hilo la tatu limeniepusha na mengi.

Mchangiaji kutoka Mikindani

Ndugu mleta mada, ahsante kwa kuanzisha jambo hili. Mimi ni mvuvi, na nitazungumzia ufukweni peke yake, kwa sababu huko ndiko ninakoona wageni wengi wakiharibikiwa.

Mtu anayepiga hema ufukweni lazima ajue kama ni siku za bamvua, yaani maji makubwa, au za maji mafu, yaani maji madogo. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo tofauti kati ya kupwa na kujaa katika pwani yetu hupita mita 3. Maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri. Sasa mtazame mgeni anayefika saa kumi na mbili jioni: anakuta maji yanarudi, mchanga mpana, mzuri, uliolowa kidogo, anadhani bahari imemwachia nafasi, ifikapo saa nne usiku bahari iko mbali kabisa, naye analala akiwa na amani. Saa kumi alfajiri, wakati usingizi ni mzito kuliko wakati wote, maji yako kwenye godoro lake. Mwaka juzi niliwasaidia vijana watatu kutoka Dar es Salaam kuokota vyombo vyao ndani ya maji kwa mwanga wa mwezi, na simu zao mbili hazikupona.

Dawa yake ni kuutafuta mstari wa majani ya bahari, vijiti na takataka zilizotupwa na maji, kwa kuwa mstari ulio juu kuliko yote ndio unaoonyesha bamvua lilipofikia. Panda juu yake hatua ishirini au zaidi. Usiende hadi chini ya minazi, kwani nazi kavu ikianguka kutoka juu inaweza kuua, na mnazi hauonyi. Mlango wa hema uelekeze pasipotoka upepo: kuanzia Aprili ni kusi, nayo ya Juni hadi Agosti huwa kali na hung'oa mambo (vigingi) ya hema yaliyopigwa kwenye mchanga mlaini, hivyo ni afadhali kufunga kamba kwenye mfuko uliojazwa mchanga kisha ukafukiwa.

Kuhusu Msimbati, ambako wengi huuliza, eneo lile limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kuna kiingilio. Si mahali pa bure, ingawa kwa maoni yangu fedha hiyo ni halali kabisa. Wenye magari nawaomba wasiyaendeshe juu ya mchanga mkavu ulio karibu na vichaka, maana huko ndiko kasa hufukia mayai yao.

Mchangiaji kutoka Newala, mwalimu

Kaka zangu, nawasalimu. Nimesoma kwa makini neno la mleta mada kuhusu mahali ambapo wenyeji wasingependa mgeni akae, nami ninalo la kulithibitisha.

Katika likizo moja ya Juni tulikuwa walimu wanne wanawake, tuna mahema mawili, tukatoka kutembea kwa miguu pembezoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Alasiri tulipata mahali palipotuvutia mno: mti mkubwa wenye kivuli, chini yake pamefagiliwa, na njia nyembamba ikiingia kutoka upande wa pili. Tulianza kupigilia mambo. Akapita bibi mmoja akiwa na mzigo wa kuni kichwani, akasimama, akatutazama kwa muda, nasi tukamwamkia. Alipokwisha kuitikia shikamoo zetu alisema, "Wanangu, hapo si mahali pa wanawake kulala. Hapo ni kumbi." Tulikuwa tumeingia mahali panapotayarishwa kwa jando, ambapo hata mama mzazi wa mtoto hapaswi kufika. Tulikusanya kila kitu kwa haraka, na bibi yule, badala ya kutushtaki, akatupeleka uani kwake, akatuonyesha pa kuweka mahema kati ya jiko na banda la mbuzi, na jioni tukala naye ming'oko ya kuchemsha. Alituambia kwamba mahali palipofagiliwa porini pasipo na nyumba, mgeni asipakanyage hadi aulize. Nimelishika neno hilo kama nilivyolishika somo lolote la chuoni.

Tangu hapo mimi na wenzangu hatupigi tena hema mbali na nyumba. Kwa mwanamke anayesafiri bila mume au ndugu wa kiume, ua wa mama mwenye watoto ni salama kuliko ufukwe mzuri usio na mtu. Mara mbili tumepokelewa pia katika viwanja vya parokia, baada ya kuandika barua ya ombi wiki moja kabla.

Jambo jingine la huku juu ni maji. Udongo wa uwanda huu hunywa mvua yote, na chemchemi hutokea chini kwenye miteremko, kiasi kwamba kwa vizazi vingi mama zetu walishuka na kupanda na ndoo kichwani. Siku hizi yapo maji ya bomba, lakini kuna siku hayatoki, na si haki mgeni kuyafuata maji ya mwenyeji aliyeyahangaikia. Sisi huja na dumu la lita 20 kwa kila watu wawili kwa siku. Na atakayetaka kulala karibu na Shimo la Mungu, ambapo uwanda unakatika na bonde la Ruvuma kuonekana lote, apige hema mbali na ukingo, abebe blanketi, kwa sababu Juni na Julai usiku wa Newala una baridi na ukungu.

Mchangiaji kutoka Masasi, dereva

Nitasema machache. Kando ya Mto Ruvuma msilale. Kuna mamba na viboko, na kiboko hupanda ukingoni usiku kula nyasi, ambapo hema huwa limemzibia njia yake ya kurudia majini. Zaidi ya hayo, tangu machafuko ya Cabo Delgado, upande wa Msumbiji, yaanze mwaka 2017, vyombo vya ulinzi upande wetu huwa macho mpakani muda wote, na mtu asiyejulikana aliyelala porini huwapa kazi wasiyoihitaji. Mwenye kwenda hadi Daraja la Umoja, Mtambaswala, arudi akalale mjini. Lukwika-Lumesule nako ni pori la akiba, huingii bila kibali. Katika vijiji vinavyopakana na mapori hayo, pamoja na vile vya Liwale, tembo huingia mashambani, kwa hiyo usiweke matunda wala mahindi ndani ya hema.

Mchangiaji kutoka Kilwa Masoko, mwongoza wageni

Mwaka jana niliongozana na mume na mke Wamarekani waliokuwa na lori dogo lililojengewa chumba nyuma, lenye kitanda, jiko na tangi la maji. Swali lao la kwanza lilikuwa ardhi ya umma iko wapi, kwa sababu kwao, katika maeneo mengi yanayosimamiwa na Bureau of Land Management, idara yao ya ardhi ya umma, mtu huruhusiwa kupiga kambi bure hadi siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28 bila kumwomba mtu yeyote. Niliwaeleza mgawanyo ule alioutaja mleta mada. Walishangaa mwanzoni, lakini baada ya vijiji vitatu yule mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka na kusema hodi, akiwa amejifunza na shikamoo.

Kwa magari makubwa, tatizo la kwanza ni kimo: matawi ya miembe na mikorosho kwenye njia za vijijini yaliwakwaruzia paa, wakapoteza kioo kimoja cha umeme wa jua. La pili ni mvua. Huku kusini msimu ni mmoja, unaanza kati ya Novemba na Desemba hadi Aprili au Mei, na njia za udongo kama ile ya Nangurukuru kwenda Liwale huwa utelezi mtupu. Hata lami si ya kuaminiwa moja kwa moja: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu ndani ya wilaya ya Kilwa, nilikwama na wageni wengine kwa siku tatu. Tulilala kwenye kituo cha mafuta pamoja na madereva wa malori, kwa ruhusa ya msimamizi, na ninawaambia kweli kwamba kwa mwenye gari la kulala, kituo cha mafuta chenye taa, choo na mlinzi ni kambi nzuri ya dharura. Tulijaza mafuta pale pale, tukamwachia mlinzi fedha ya chai.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Huko ni kutembelea kwa kibali na mwongozaji, na mahema yasifunguliwe kati ya kuta zile. Chokaa ya matumbawe iliyodumu karne nyingi haistahili moshi wa jiko la mtu wa usiku mmoja.

Mchangiaji kutoka Mtwara mjini, mwanafunzi

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba kuuliza: je, chini ya mikorosho inafaa kuweka hema? Kivuli chake ni kizuri, na mashamba yapo kila mahali. Tena, kama mwenyeji hatozi fedha, inafaa kumpa nini?

Mleta mada

Marahaba, mdogo wangu. Inategemea mwezi. Kuanzia karibu Mei hadi Agosti wakulima hupuliza salfa kuzuia ugonjwa wa mikorosho uitwao ubwiriunga, tena huanza alfajiri wakati upepo umetulia, na vumbi lile la manjano huwasha macho na kubana kifua. Nimewahi kukohoa siku mbili baada ya kuamkia ndani yake. Kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba korosho zinaanguka, na korosho iliyo chini ni ada ya shule ya mtoto wa mtu, kwa hiyo mgeni kulala juu yake ni kumtia mwenye shamba mashaka ambayo hakuyaomba. Zinabaki Januari hadi Aprili, ambazo ni za mvua. Kwa hesabu hiyo, mimi mikorosho naiacha, natafuta mwembe wa uwanja wa shule wakati wa likizo.

Kuhusu zawadi, fedha mkononi mara nyingi humfadhaisha mzee aliyekupokea kama mgeni wake. Mimi hubeba sukari, majani ya chai na sabuni, navyo humpa mama wa nyumba, si asubuhi ninapoondoka, bali jioni ninapofika, ili visionekane kuwa malipo ya kulala.

Wiki ijayo naelekea Rutamba, kwenye maziwa yaliyo karibu na msitu wa Litipo. Msitu ni wa hifadhi, hivyo nitaomba nafasi upande wa kijiji. Mwenye habari za barabara ya huko baada ya mvua za mwaka huu aniandikie kabla ya Ijumaa.