Septemba hadi Novemba kwenye visiwa vidogo vya Ugiriki: lipi tunaweza kuiga Dodoma?

Zabibu_Mpunguzi

Mbukwenyi wadau.

Visiwa vya Cyclades kule Ugiriki, vile vidogo kama Folegandros, Sikinos na Anafi, hupata mvua ya milimita 350 hadi 400 hivi kwa mwaka. Dodoma tunapata kama 570 na bado tunalia kiangazi chote. Kule hakuna mito, visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na bado wana zabibu, divai, shayiri na mizeituni. Mvua yao inaanza Oktoba, yetu mwishoni mwa Novemba au Desemba. Zabibu zao zinavunwa Agosti na Septemba, yaani sambamba na mavuno yetu ya kiangazi.

Swali: mwananchi wa kawaida kule anafanya kazi zipi miezi hiyo, na kwa utaratibu gani? Mimi nalenga mambo mawili, kukausha zabibu na kuvuna maji ya paa. Naomba vipimo kamili, siyo "weka kiasi". Zabibu zilizopo shambani ni Makutupora nyekundu na Chenin Blanc. Na mzeituni je, unaweza kuzaa hapa kwetu?

---

Baharia_Tanga

Mkuu, pale kila kazi inapangwa kwa kuangalia mvua ya kwanza. Kinachokauka juani kiwe kimeingia ndani, na kinachopokea maji kiwe kimesafishwa. Ule upepo mkali wa kaskazini unaoitwa meltemi hupungua kuanzia Septemba, jua bado kali ila halichomi, na bahari ina joto la nyuzi 22 hadi 24. Ndiyo wiki za kumalizia zabibu na tini.

Kinachofuata ni kuta za mawe. Milima imekatwa matuta yanayoshikwa na mawe matupu bila saruji, na lililobomoka hurudishwa kabla ya mvua. Ufundi huu wa kujenga kwa mawe makavu uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2018, Ugiriki ikiwa mojawapo ya nchi zilizouwasilisha. Msingi unachimbwa sentimita 30. Mawe makubwa chini, kila mita moja hivi jiwe refu la kufunga linalopita kutoka uso wa mbele hadi nyuma, na nyuma kunajazwa kokoto. Ukuta unalalia mlima kidogo, sentimita 10 hadi 15 kwa kila mita ya kwenda juu. Ukiweka saruji umeharibu: maji yanajaa nyuma, yanakosa pa kutokea, ukuta unavimba tumbo na kuanguka. Wazee wa Kondoa walioiona HADO (mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma) ya 1973 wanalijua somo la makinga maji, ila huku tulizoea udongo na majani zaidi ya mawe.

Oktoba ikiisha, boti za watalii zinapungua na zile za ratiba ya baridi zinabaki chache. Upepo ukifika nguvu 8 kwa kipimo cha Beaufort meli hazitoki bandarini, kwa vyombo vidogo hata 7 inatosha. Kwa hiyo nyumba yenye akili inaweka unga, gesi ya kupikia, dawa za wagonjwa na chakula cha mifugo cha wiki moja au zaidi. Wanapanda shayiri mvua ikishalainisha ardhi, na akina mama wanatoka kuchuma mboga za porini na konokono. Hilo la konokono halitapata wafuasi Dodoma.

---

Mama_Kichanja

Nijibu la zabibu, maana ndilo lenye pesa.

Kwanza sukari. Usikaushe zabibu chini ya nyuzi 22 za Brix (kipimo cha sukari) kwenye rifraktomita. Huna kifaa? Pasua punje: mbegu iwe ya kahawia yote, siyo kijani. Zabibu changa inakauka ikawa ngozi na mbegu. Acha kumwagilia wiki 2 hadi 3 kabla ya kuvuna, vinginevyo punje zinapasuka na kichane kinaoza katikati.

Njia za kule ni mbili. Santorini, kwa ajili ya divai tamu ya Vinsanto, wanatandaza vichane juani siku 12 hadi 14 bila kuvichovya popote, kisha wanakamua zikiwa zimesinyaa tu. Krete, kwenye zabibu za Sultana zisizo na mbegu, wanachovya kwanza. Punje ya zabibu ina nta, na nta ndiyo inayozuia maji kutoka. Mchanganyiko ni maji lita 1, potasiamu kaboneti gramu 50, mafuta ya zeituni mililita 10. Chovya kichane dakika 1 hadi 3, chuja, tandaza. Iliyochovywa inakauka siku 6 hadi 10. Isiyochovywa inaweza kumaliza wiki 3 au 4.

Kabla ya dawa za dukani walitumia majivu, na majivu tunayo. Chekecha majivu ya kuni yasiyo na plastiki wala mkaa, kilo 1 kwa lita 5 za maji, chemsha, acha yatulie usiku mzima, mimina maji ya juu na uyachuje kwa kitambaa. Yakiteleza kama sabuni yamekolea. Vaa glovu na linda macho. Magadi yanafanya kazi kidogo, lakini ni dhaifu kuliko potasiamu na yakizidi yanaacha ladha, kwa hiyo siyashauri. Mafuta ya zeituni yakikushinda bei, jaribu alizeti iliyochujwa kwa vichane viwili kwanza, siyo kwa kreti zima.

Kichanja kiwe sentimita 80 hadi 100 kutoka chini, juu uweke neti ya plastiki, si waya wa kuku wenye zinki, maana asidi ya zabibu inaula. Kilo 8 hadi 10 kwa mita moja ya mraba zinatosha. Geuza siku ya tatu, kisha kila baada ya siku mbili. Funika usiku, hata kama hakuna mvua, kwa sababu umande unarudisha nyuma kazi ya mchana.

Sasa aina zako. Chenin Blanc ina kichane kilichobana na ngozi nyembamba. Ukikilaza kizima, ndani kunaota ukungu kabla nje hakujakauka. Kigawe vipande vya ukubwa wa kiganja na uondoe kila punje iliyopasuka. Makutupora itakauka, lakini nayo ina mbegu kama Chenin Blanc, na mnunuzi aliyezoea zabibu kavu za dukani atalalamika. Hiyo iuze kwa waokaji wanaosaga, au ikamuliwe ikiwa nusu kavu ipate mchuzi mtamu zaidi.

Zimekauka lini? Kamata konzi, bana kwa nguvu, achia. Zikiachana zenyewe na kiganja hakina unyevu, umefika kwenye asilimia 15 au 16. Kilo 100 mbichi zitakupa 22 hadi 25 kavu. Kabla ya kufungasha, ziweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4, au oveni ya nyuzi 70 kwa saa moja, kuua mayai ya wadudu. Wengi wanaruka hatua hii, na miezi miwili baadaye mnunuzi anakuta funza.

Haya yote ni ya mavuno ya Agosti na Septemba tu. Ya Februari na Machi usiyaanike. Mvua, ubwiriunga na unyevu wa hewa vitakushinda, labda uwe na kaushio la sola lenye paa.

---

Zabibu_Mpunguzi

Asante sana mama. Hapo kwenye waya wenye zinki umeniokoa. Nasubiri mtu wa maji.

---

Fundi_Tangi_Chamwino

Kisiwani paa ni bapa, limepakwa chokaa, lina ukingo kuzunguka, na maji yanashuka kwenye tangi lililochimbwa chini ya nyumba au ua. Septemba wanafagia paa, wanaziba nyufa, wanashuka tangini kutoa tope. Mvua ya kwanza haiingizwi: inaosha paa na kumwagwa. Chokaa si urembo tu, inafanya maji yawe na alkali kidogo na vijidudu vinapungua. Santorini wana udongo wa volkano ambao ukichanganywa na chokaa unaganda hata ndani ya maji, ndio walioupigia plasta matangi. Hata hivyo visiwa vingi leo vina mitambo ya kuondoa chumvi baharini, na vingine vimewahi kuletewa maji kwa meli, kwa hiyo tusidhani paa peke yake linawatosha wakati wa watalii.

Usijenge paa bapa Dodoma kwa kuwaiga. Bati lako ni bora. Hesabu ni rahisi: milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 60 za mraba, mvua 570, ukiondoa asilimia 15 inayopotea, ni lita 29,000 kwa mwaka. Tatizo letu ni muda. Mei hadi Novemba ni siku 214. Familia ikitumia lita 40 kwa siku za kunywa na kupika tu, inahitaji lita 8,560. Simtanki la 10,000 linabeba hilo. Ukitaka na ya kufulia na kumwagilia, chimba.

Gata: kila upande wa paa una mita 30 za mraba, gata la nusu duara la upana wa sentimita 10 linatosha. Liinamie sentimita 1 kwa kila mita kuelekea bomba, na vishikio viwe kila sentimita 60 hadi mita 1. Vikiwa mbali, gata linazama katikati, maji yanatuama, mbu wanazaliana.

Maji ya kwanza: miezi saba ya vumbi na kinyesi cha ndege iko juu ya bati. Kwa mvua ya kwanza kabisa mwaga milimita 2, yaani lita 120 kwa paa hilo. Mvua za baadaye nusu milimita inatosha, lita 30. Watu wanafunga kipande cha bomba la inchi 4 chenye mita moja na kufikiri wamemaliza. Mita moja ya bomba hilo inabeba lita 8 tu! Tumia pipa la lita 200 lenye koki chini, au kiungo cha bomba unachokigeuza kwa mkono mvua ikianza. Pipa limwagwe kila baada ya mvua, la sivyo mvua ijayo uchafu unapita moja kwa moja.

Tangi la kuchimba: kwepa udongo mweusi wa mbuga. Unavimba masika na kupasuka kiangazi, na tangi linapasuka nao. Plasta ndani ni saruji 1 kwa mchanga 3, mikono miwili ya sentimita 1.5, kisha niru (uji wa saruji tupu), na umwagilie siku 7. Bomba la kutolea liwe sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ili tope libaki chini. Mdomo uwe na wavu wa mbu na mfuniko usiopitisha mwanga, maana mwanga unaleta ukijani. Dawa: klorini ya unga ya asilimia 65, gramu 7 hadi 8 kwa lita 1,000, koroga kwenye ndoo kwanza, mimina, subiri saa moja au usiku mzima.

---

Mkulima_Hombolo

Mzeituni nauongelea mimi kwa ufupi, usipoteze pesa. Mti utaota na utakuwa mzuri, unavumilia ukame. Ila ili utoe maua unahitaji wiki nyingi za baridi, na kwetu usiku wa Julai unashuka kwenye nyuzi 13 hivi, mchana jua linarudi. Utapata kivuli. Kisiwani wanavuna kuanzia Oktoba, neti zikitandazwa chini na matawi yakichanwa kwa reki ndogo, na matunda yanapelekwa mashineni ndani ya saa 24. Yakikaa kwenye magunia ya plastiki yanapata joto, yanachacha, asidi inapanda. Mafuta ya daraja la juu hayaruhusiwi kuzidi asilimia 0.8. Lita moja inakula kilo 4 hadi 6 za zeituni. Alizeti yako ya Dodoma ivune vizuri kwanza.

---

Baharia_Tanga

Nyongeza kwa anayefikiria masalia ya zabibu baada ya kukamua: kule maganda yanaachwa mapipani siku 40 hivi yachachuke, halafu Oktoba na Novemba wanayakeneka kwenye mitungi ya shaba kupata raki, kwa kibali. Hapa kwetu hiyo ni gongo na ni kosa kisheria, achilia mbali hatari ya methanoli, pombe yenye sumu. Masalia yako yafanye mboji au uwape mbuzi kidogo kidogo.

---

Zabibu_Mpunguzi

Nimewaelewa wakuu. La mwisho: nyuki na manyigu wakivamia kichanja, chandarua cha kawaida cha kulalia kinafaa?

---

Mama_Kichanja

Kinafaa kikiwa hakina dawa. Vile vya kugawiwa kliniki vina dawa ya kuua mbu, usivitumie juu ya chakula hata kama vimefuliwa. Nunua shashi dukani. Weka fito ili isimame sentimita 20 juu ya zabibu, isiziguse, kwa sababu ikigusa nyuki anafyonza akiwa nje. Kando zibane kwa mawe au vibanio vya nguo. Upepo wa mchana wa Septemba hapo Mpunguzi utaing'oa usipobana pande zote nne.